Mikongo yote ya intaneti yatua Mombasa: Lamu au Malindi tukiletewa mmoja, tutafaidi nini hasa?

#1 Mkaazi wa Langoni

Assalam aleikum wana uzi, na wa Malindi hamjambo.

Juzi barazani palizuka ubishi ambao haukwisha hata baada ya Isha. Kijana mmoja alisema Lamu tunaonewa: mikongo ya intaneti, zile nyaya za chini ya bahari, inatupita hapo nje, yote inakwenda kutua Mombasa, na sisi tumebaki kupanda darini na simu mkononi kutafuta mtandao. Dawa yake, tudai mkongo wetu utue Lamu, au hata Malindi basi. Wengi waliitikia. Mimi sikuitikia, na kwa kuwa barazani anayepaza sauti ndiye anayesikizwa, nimeona niyamalize maneno yangu hapa.

Kwamba tunapitwa ni kweli tupu. Fungua ramani. TEAMS, ule ambao Rais Kibaki alikwenda kuuzindua Mombasa Juni 2009, unatoka Fujairah, Falme za Kiarabu, karibu kilomita 5,000. SEACOM ukaanza kazi Julai mwaka huohuo. EASSy ukaja 2010, LION2 ukaja 2012 kutokea visiwa vya kusini, halafu DARE1 unaotoka Djibouti ukapitia Bosaso na Mogadishu, kisha PEACE, na sasa 2Africa wa Meta, wenye Facebook, na washirika wake, ambao kwa kulizunguka bara zima unafika kilomita 45,000. Unaotoka kaskazini hauna njia ya kufika Mombasa ila upite nje ya Kiunga, Pate, Manda na Lamu. Wala si leo tu. Mwaka 1879 Waingereza walilaza waya wa telegrafu kutoka Aden mpaka Zanzibar, ukatupita vivyo hivyo, na Mombasa yenyewe ikangoja hadi 1890 kuungwa na Zanzibar.

Ninapoachana na wenzangu ni hapa. Mwanga ndani ya kioo cha faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Mombasa hadi Lamu kwa barabara ni kama kilomita 340. Piga hesabu, haifiki hata milisekunde 2, yaani sehemu mbili za elfu za sekunde. Safari ya kwenda Fujairah peke yake ni kama 25. Basi mkongo ukitua Lamu kesho asubuhi, huo ukaribu hautakufungulia video hata kwa kupepesa jicho. Kinachotuchelewesha kiko baina ya Mombasa na ruta ya nyumbani kwako: faiba ya nchi kavu ambayo tingatinga la barabara likiigusa hakuna njia ya pili ya maana, umeme unaokatika, minara ya huko bara ambayo al-Shabaab wamewahi kuilipua, na fundi hawezi kwenda kuitengeneza mpaka apate wa kumsindikiza. Halafu kuna bei, ambayo hiyo haina uhusiano wowote na bahari.

Sisi wa Amu, mji wa Lamu, tungepaswa kulielewa hili kabla ya wengine. Ndege inatua Manda. Ukishuka na mizigo yako bado hujafika mjini, mpaka upate boti ya kukuvusha. Mkongo nao ndio hivyo, ukitua ufukweni haujafika kwa mtu.

Kwa hiyo swali langu si kama tunautaka. Ukija kweli, tudai nini kabla mtu hajachimba mchanga?

#2 Kijana wa Shela

Ami, kwa hiyo tukae tu? Nyali mikongo imewatulia na Nyali mtandao ni moto.

#3 Mkaazi wa Langoni

Nyali mtandao ni moto kwa sababu kuna wateja wa kulipa na kampuni zinawagombania. Nenda mitaa ya ndani kule Likoni, bahari ni ileile na mikongo ni ileile, kisha urudi unihadithie.

#4 Fundi Faiba

Mie ni wa Malindi na kazi yangu ni kuunga faiba za nchi kavu. Baharini sijafanya kazi, ila waliosimamia mafunzo yetu walitoka huko, na mambo mengi ni yaleyale. Wacha nieleze mkongo unatua vipi, maana naona watu wanafikiri ni bomba kubwa linaloingia bandarini.

Kwenye kina kirefu mkongo una unene wa milimita 17 hadi 20 tu. Ndani yake mna nyuzi chache za kioo, halafu waya za chuma za kuupa nguvu, bomba la shaba la kupitishia umeme, na plastiki juu. Umeme ni wa nini? Kila baada ya kilomita 60 hadi 100 kuna kikuza mawimbi kinachoupa mwanga nguvu mpya, na kile kinalishwa kutoka nchi kavu kwa maelfu ya volti. Karibu na pwani mkongo unavishwa deraya la chuma, unakuwa mnene zaidi, na unafukiwa kama mita moja chini ya mchanga pale ambapo mchanga upo.

Siku ya kutua, meli haiji ufukweni kwa sababu maji hayatoshi. Inasimama nje, inauteremsha mkongo ukiwa umefungiwa maboya, na ufukweni kuna mashine inauvuta polepole. Ukishafika, wapiga mbizi wanakata maboya moja baada ya jingine, mkongo unazama na kulala mahali pake. Juu ya mwamba unavalishwa vipande vya bomba la chuma ili usisagike. Mwisho unaingia kwenye chemba ya zege iliyofukiwa juu kidogo ya maji ya bamvua, pale maji yanapojaa kuliko siku zote. Hapo ndipo mkongo wa bahari unapoungwa na waya wa nchi kavu unaokwenda kituoni. Chemba ikifunikwa, watoto wanacheza mpira juu yake na hakuna anayejua.

Kazi ya kuunga ndiyo ninayoijua kwa mikono yangu. Unamenya ganda la rangi, unafuta uzi kwa spiriti, unaukata kichwa kiwe sawasawa kabisa, unaweka nyuzi mbili kwenye mashine zitazamane, cheche inaziyeyusha. Mashine inakuandikia hasara ya mwanga. Ikiniandikia desibeli 0.02 natabasamu. Ikiandika 0.3 naukata na kuanza upya, hata kama jua la saa saba liko kisogoni na bosi anapiga simu. Punje moja ya mchanga inatosha kuharibu. Ufukweni! Ndiyo maana wanafanyia ndani ya hema.

Sasa kwa nini Mombasa? Si upendeleo peke yake. Kwanza, kutoka Mombasa faiba za kwenda Nairobi ni nyingi, na huko ndiko waliko wateja wa jumla, pamoja na Uganda na Rwanda kwa nyuma. Pili, bahari yenyewe. Upande wa kusini wa Kenya kina kirefu kiko karibu. Meli inatoka kidogo tu na mkongo umeshazama mbali na nanga na nyavu. Ukipanda kaskazini, maji mafupi yanapanuka, na pale Ghuba ya Ungwana yanaenda mpaka kilomita 60 hivi kutoka nchi kavu. Ni palepale meli za kukokota nyavu zinapovulia kamba wa baharini. Mwenye mkongo akiona hivyo anapata homa, maana duniani kila mwaka hutokea hitilafu kama 150 hadi 200 za mikongo, na nyingi zinasababishwa na nanga na uvuvi. Papa kutafuna mikongo ni hadithi za mitandaoni.

Malindi ingewezekana kuliko Lamu. Barabara ipo, umeme upo, kina hakiko mbali sana. Tatizo ni kupata mlango. Kusini ya mji kuna hifadhi ya bahari, ya tangu 1968, na huwezi kuburura chuma juu ya matumbawe ya pale. Kaskazini kuna mdomo wa Sabaki, mto unaomwaga matope na mchanga usiotulia. Leo umefukia mkongo, kesho umeuacha wazi. Kwenye ghuba mbele ya mji pana nafasi, ila pia ndipo wavuvi wanapoegesha.

Lamu, mchanga wa Shela unavutia kwa macho. Lakini yale machuguu ya mchanga ndiyo yanayohifadhi maji tamu ya kunywa ya mji. Mie fundi nisingependekeza mtu achimbe hapo. Na Ghuba ya Manda kuna bandari, yaani nanga. Mkongo na nanga hawalali chumba kimoja.

#5 Kijana wa Shela

Hapo kwa maji ya Shela nimekuelewa, Fundi.

#6 Bi Mambrui

Mimi sina habari za milisekunde. Nafanya kazi kwa mtandao, natafsiri nyaraka za watu wa nje, na nyumba nzima inakula hapo. Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika pamoja upande wa Afrika Kusini, niliona faili linapanda kwa kujikokota mpaka nikalala. Mteja hakunielewa. Utamwambiaje mtu aliyeko nje ya nchi kwamba waya umekatika baharini huko Durban na ndiyo maana Mambrui hakuna kitu?

Kaka wa Langoni anasema mkongo kutua karibu hauna faida. Lakini si ingekuwa njia ya ziada?

#7 Mkaazi wa Langoni

Bi Mambrui, umeigusa hoja moja ambayo ndiyo ingenifanya nikubali. Si ukaribu, ni kutengana.

Wakumbuke watu wa 2012. Februari mwaka ule EASSy na mikongo mingine ilikatika Bahari ya Shamu. Wakenya wengi wakabaki kwenye TEAMS. Wiki moja na ushei baadaye, meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa ikatia nanga mahali palipokatazwa, ikaukata na TEAMS. Majirani zetu wa Mogadishu walipata kibaya zaidi: Juni 2017 meli iliukata mkongo wao, na sehemu kubwa ya Somalia ikakaa zaidi ya wiki tatu bila intaneti ya maana.

Sasa fikiria mikongo yote ya nchi inaingia kwenye mji mmoja, mbele ya bandari kubwa kuliko zote za Afrika Mashariki. Mkongo mmoja ukitua Malindi, kama kilomita 120 kutoka hapo, na faiba yake ya kwenda Nairobi isipite tena Mombasa, basi nchi nzima imepata mlango wa pili. Hiyo ni sababu ya kweli, na ndiyo tungepaswa kuipeleka mbele, badala ya kulia kwamba tunaonewa.

Lakini haikati neno la mwanzo. Nchi itapata mlango wa pili, na wewe Mambrui bado utanunua bando kwa bei ileile kama hatukusema mapema.

#8 Ngomeni Juu

Mnajisumbua. Starlink, ile intaneti ya satelaiti, iko Kenya tangu Julai 2023. Weka sahani juu ya paa, kwisha maneno. Na tusisahau sisi wa Ngomeni tulikuwa na mambo ya anga zamani: Waitaliano walirusha satelaiti kutoka jukwaa lao la baharini hapa tangu 1967, na ile iliyoitwa Uhuru ikarushwa tarehe 12 Desemba 1970.

#9 Fundi Faiba

Ngomeni, heshima yenu ipo. Ila kabla ya 2009 nchi nzima ilitegemea satelaiti, kituo kilikuwa Longonot, na wanaokumbuka bei za saiba za wakati ule wanajua. Satelaiti za siku hizi ziko chini zaidi na ni nzuri kwa Kiwayuu au Ndau, pahali pasipofikika. Lakini zenyewe zinashusha data yake kwenye vituo vya ardhini vinavyotegemea faiba. Huikimbii.

#10 Nahodha wa Mkanda

Nimewasoma wote. Sasa nataka kusema kama mtu wa baharini.

Wakati wa bandari ya Lamu tuliambiwa maneno matamu. Mradi ulizinduliwa 2012, gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021, na baina ya hapo kuchimba kina kumeharibu mapito na maeneo yetu ya kuvua. Ilibidi watu waende mahakamani. Aprili 2018 Mahakama Kuu kule Malindi ikaamua wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Kutoka hukumu mpaka pesa, wacha niiache hapo.

Kwa hiyo mtu akija na neno mkongo, sisi wavuvi hatumuulizi kasi. Tunamuuliza: utapita wapi? Dema langu, mtego wangu wa samaki, litakaa wapi? Nikitia nanga kwa sababu injini imekufa usiku na nikaunasa, nitashitakiwa? Nguvu ya umeme huo unaosema wa maelfu ya volti, mtu akiukata ameshika chuma? Na kasa wanaotaga?

#11 Fundi Faiba

Mzee wangu, nitajibu ninayoyajua.

Kulinganisha na bandari, mkongo ni kazi ndogo sana. Hakuna kuchimba kina, ni mtaro mwembamba na siku chache za vurugu ufukweni. Umeme umefungiwa ndani, kasa haumfikii. Shida ya kasa ni taa za usiku na mashine ufukweni msimu wa kutaga, na hilo linaweza kuandikwa kwenye masharti ya mazingira, kazi isimame.

Dema na mshipi haviudhuru mkongo uliofukiwa. Shida ni nanga nzito na nyavu za kukokotwa. Mkongo unachorwa kwenye ramani za bahari na eneo lake linakatazwa kutiwa nanga. Ukinasa kitu kizito usichokijua, usivute kwa winchi na kamwe usikate kwa panga. Kata kamba yako, acha nanga ipotee, andika mahali ulipo na utoe habari. Sheria ya kimataifa ya bahari inasema mwenye chombo anayethibitisha alipoteza nanga au wavu ili asiudhuru mkongo anastahili kulipwa na mwenye mkongo, mradi alikuwa amechukua tahadhari zake. Wavuvi wengi hawalijui hili, na hakuna kampuni itakayokuja kuwafundisha.

#12 Nahodha wa Mkanda

Hilo la kulipwa nanga nalisikia leo. Shukrani. Litafsiriwe libandikwe kila bandari ya samaki.

#13 Kijana wa Shela

Na kazi je? Kituo kitaajiri vijana wangapi?

#14 Fundi Faiba

Usidanganywe. Kituo cha mkongo ni jengo la mitambo, betri, majenereta na viyoyozi. Likishaisha kujengwa linahitaji walinzi, mafundi wachache wa zamu, na mtu wa dizeli. Kazi nyingi ziko kwenye kusambaza: kuchimba mitaro, kuunga, kufunga majumbani, kutengeneza. Ndiyo maana namuunga mkono wa Langoni. Ukiniuliza mie, kilomita moja ya faiba mtaani inalisha vijana wa hapa kuliko kituo kizima.

#15 Mkaazi wa Langoni

Haya, tuyakusanye yawe barua badala ya makelele. Mradi wowote wa namna hii hauwezi kuanza bila leseni ya kutua mkongo kutoka Mamlaka ya Mawasiliano na bila tathmini ya mazingira mbele ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe. Mnaokumbuka kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa huku Lamu, mahakama ya mazingira iliifuta leseni yake Juni 2019, na moja ya sababu ni kwamba watu hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo usiniambie barua hazina maana.

Mimi ningetia haya. Mwenye mkongo auze uwezo wake kwa yeyote mwenye leseni, kwa masharti sawa, kuanzia kampuni kubwa mpaka kijana anayetaka kuunganisha mtaa wake, asijifungie na mteja mmoja. Faiba ya kwenda bara iwe na njia yake, isijishikize kwenye mtaro uleule wa zamani, maana tingatinga moja litazikata zote. Mradi wa LAPSSET, ule wa bandari ya Lamu na barabara zake za kwenda bara, tangu mwanzo ulitajwa kuwa na faiba ndani yake. Iulizwe iko wapi na inafika wapi. Na sehemu ya mapato ipeleke faiba Mokowe, Witu, na kuvuka kwenda Faza na Kizingitini, iingie shule na zahanati. Kiunga nako, najua mtasema ni ndoto, lakini andikeni.

Malindi nyinyi mna nafasi kubwa kutushinda, Fundi ameeleza kwa nini, na sioni haya kusema hivyo. Utue kwenu, sisi tuungwe vizuri. Nitaridhika kuliko utue Lamu kwa fahari na tuendelee kupanda darini.

#16 Bi Mambrui

Ongeza bei ya jumla itangazwe hadharani. La sivyo "masharti sawa" yatabaki kwenye karatasi.

#17 Nahodha wa Mkanda

Fundi, swali la mwisho. Hiyo meli ikija kutua mkongo, inakuja miezi gani?

#18 Fundi Faiba

Wanataka bahari imelala. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikivuma hawathubutu, mawimbi yanawavuruga ufukweni. Watapenda tangambili, baina ya pepo mbili, au kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikiwa imetulia.

#19 Nahodha wa Mkanda

Ndiyo miezi yetu hiyo. Kusi sisi vyombo vidogo tunakaa nchi kavu tunashona majarife, tukisubiri bahari hiyohiyo ilale. Wakitufungia eneo wakati huo, hata kwa siku chache, wametuchukulia chakula cha mwaka. Basi kwenye barua iandikwe siku hizo zilipwe, na zilipwe kabla meli haijafika, si baada ya kesi.

#20 Mkaazi wa Langoni

Limeingia, nimeliweka juu ya lile la bei. Mwenye mawasiliano ya katibu wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, ya Kizingitini na wa Malindi mjini anitumie faraghani, asiyaweke hapa.